Mzee si Valizi

Siku hizi hapa Lubumbashi, na Likasi na Kolwezi vilevile, kuna neno moja linalozoea kusemwa katika mikutano ya jamaa, na wenye kulisema wanalisema kwa sauti ya upole, sawa watu wanaotoa zawadi. Baba amefika retrete, ao baba amekufa na mama amebaki peke yake. Batoto wanakutana siku ya Mungu kisha misa. Mmoja anafungua kinywa: « Nyumba tuuzishe. Muzee atakuwa anazunguka kwetu, miezi tatu kwa kila mutoto. » Wengine wanaitika. Mzee ananyamaza. Wanahesabu kunyamaza kwake kuwa amekubali, na kisha juma mbili mnunuzi anakuja kupima parsele.

Mimi ninalipinga neno lile. Ni neno la hatari, na hatari yake nitaionyesha. Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanalivika nguo ya desturi. « Kwetu Afrika muzazi ni wa batoto bote. » « Siye si Bazungu, hatutupi bazee. » Hata kati yetu sisi wa shirika hili, watu wa diploma, nimesikia hoja hiyo ikitolewa na vichwa vikikubali. Basi, kama ni desturi wanayoitaja, tuiulize desturi yenyewe.

Katika vijiji vya wababu wetu, wawe Baluba, Babemba, Basanga ao Balunda, ni nani aliyekuwa akitembea? Ni mtoto. Mzee alikuwa na moto wake. Vijana walijenga karibu, wajukuu walitumwa kulala kwa kambo mwanamke, mgeni aliyeingia kijijini alipelekwa kwanza kwa mzee amsalimie. Ugomvi wa mume na bibi ulibebwa mpaka mlangoni pake. Mtu akisema « ninaenda kwa kambo », alijua njia gani ya kufuata. Leo mjukuu anauliza: « Kambo eko kwa nani mwezi huu? » Tufikiri kidogo juu ya ulizo lile. Namna ile tunauliza juu ya vitu vya kuazimana: ngazi, brueti, sufuria kubwa ya matanga.

Na bukwe je? Hapa ninaomba wenye kupenda neno desturi wanijibu bila kuzungukazunguka. Kwa makabila mengi ya kwetu, mama-mkwe na mume wa binti yake hawakula pamoja, hawakutazamana uso kwa uso, na wengine wakikutana njiani mmoja alitoka pembeni. Haukuwa uadui. Ilikuwa heshima kubwa, na kulikuwa zawadi zilizotolewa ili kuilegeza polepole, kisha miaka. Sasa mzungushe mama kwa binti yake wa pili, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Atalala wapi? Katika saloni, juu ya matela inayotandikwa usiku televizyo ikisha kuzimwa. Mkwe wake akitoka chumbani kwenda choo cha nje, anapita miguuni pake, na kitenge kimemtoka mama wa watu katika usingizi. Asubuhi wote wawili wanajifanya hawakuonana. Inakuwa hivyo miezi mitatu, usiku kwa usiku. Hiyo ndiyo desturi munayoilinda?

Kuna jambo lingine ambalo katika mikutano ile halitajwi, lakini kila mtu analifikiri. Mzee anafika kwa mtoto wake. Kisha juma tatu mjukuu anashikwa na malaria kali, ao baba wa nyumba anapoteza kazi. Katika kanisa ndogo ya avenyi mtu anaota ndoto, na neno bulozi linaanza kutembea. Mzee aliye katika nyumba yake mwenyewe, akisingiziwa, anafunga mlango wake, na majirani wa miaka 30 wanaojua maisha yake watasimama kumsemea. Yule wa kuzunguka hana mlango wa kufunga. Majirani hawamjui. Ni mgeni mwenye kulala saloni, aliyefika siku chache mbele ya ugonjwa. Sisi walimu tunawasikia wanafunzi wakija na neno hilo mdomoni juu ya kambo yao, neno ambalo hawakulitunga wao.

Mambo haya ya kuzunguka hayakutoka kijijini. Yalitoka kambini. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilichoka kutafuta wafanyakazi wapya kila mara, ikawaita waje na bibi zao, ikawajengea nyumba katika makambi, ikawapa posho, dispansere na masomo ya watoto. Lilikuwa jambo kubwa, sikatai, na wengi kati yetu tunaosoma kitabu hiki ni matunda ya masomo yale. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni. Kazi ikiisha, ufunguo unarudishwa. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, fikra ile iliendelea: nyumba inafuatana na kazi, sawa kofia ya mgodini. Watu walifanya kazi miaka 35 bila kununua hata kiwanja, kwa sababu hawakuona haja yake.

Halafu ikaja miaka ya 2003 na 2004. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi, na tuliona kwa macho yetu mambo yaliyofuata. Mwenye parsele alibaki na chumba cha kupangisha, kipande cha udongo cha kupanda lengalenga, mahali pa kuweka kibutiki mbele ya nyumba. Mwenye kula dekonti ya mwisho bila parsele, huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzunguka. Alizunguka kwa njaa, na hakuna mtu wakati ule aliyethubutu kuiita ile njaa desturi. Leo ninaona watu wenye nyumba wakiiacha kwa mapenzi ya watoto wao ili waishi sawasawa na yule aliyekosa.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa kusoma sana, alinipinga kwa mfano wa Marekani. Huko, alisema, hata Bazungu wenyewe sasa wanauzisha nyumba wakifika retrete, wananunua motoka yenye nyumba ndani, kitanda, jiko na choo, na wanazunguka inchi yao mwaka mzima. Kama wao wanaweza, juu ya nini wazee wetu wasiweze? Ninamshukuru, kwa sababu mfano wake unanisaidia mimi.

Kwanza, wapo wanaozunguka kwa kukosa. Filme Nomadland ya mwaka 2020, iliyotolewa katika kitabu cha Jessica Bruder cha mwaka 2017 na kupata Oscar ya filme bora mwaka 2021, inaanzia Empire, mji mdogo wa kampuni katika jimbo la Nevada. Kiwanda cha jipsi kilifungwa mwaka 2011. Nyumba zilikuwa za kampuni, watu wakaondoka, hata namba ya posta ya mahali pale ikafutwa. Mtu wa Kipushi ao wa Panda hana haja ya kutafsiriwa hadithi ile. Katika kitabu, watu wa umri wa kambo zetu wanakwenda na motoka zao kutafuta kazi za msimu, katika mashamba, katika kambi za watalii, katika depo kubwa za biashara. Kama huo ndio mfano wa kufuata, basi tunakwisha kuufuata.

Lakini chukua hata wale wanaozunguka kwa furaha, wenye pensioni nzuri. Kuna kitu wasichokiachilia, nacho ni ufunguo. Mzee yule anafunga mlango wake usiku. Kitanda ni chake, sufuria ni yake, akikosana na mwanawe anawasha moteri anaondoka. Ameuzisha nyumba kubwa, ameingia katika nyumba ndogo. Wetu anauzisha nyumba na kuingia katika saloni ya mtu. Tena serikali yao haimkubalii mtu kukaa bila mahali: hata mwenye kuishi barabarani lazima achague jimbo la kuandikishwa, na wengi wanachagua South Dakota, ambako wanaonyesha risiti ya usiku mmoja pamoja na anwani ya kupokelea barua. Na siku macho yanapochoka kuendesha? Shirika lao moja, Escapees, lililoanzishwa mwaka 1978, lina mahali huko Livingston, Texas, ambapo wazee wasioweza tena kuendesha wanasimamisha motoka zao na kuendelea kukaa ndani yake, watu wakija kuwahudumia. Angalieni vizuri jambo hilo. Hata nguvu zikiisha, wanahudumiwa ndani ya nyumba yao.

Nimemjibu hivyo mwenzangu, akacheka, akasema mimi ninashindana sana. Sawa. Turudi kwetu, na tuulize makuta ya nyumba yanakwenda wapi. Hilo ndilo ulizo ambalo mkutano wa siku ya Mungu unaliogopa. Sehemu moja inalipa deni la mkubwa, sehemu ingine inanunua taxi ya wa pili, kidogo kinawekwa « kwa ajili ya dawa za muzee », na dawa zile zinakwisha mbele ya mwaka. Kusema kweli wanamrithi mtu anayepumua. Kijijini jambo hili lingekuwa na jina baya sana.

Na sheria inasema nini? Kanuni ya Jamaa, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inampa mjane, mume ao bibi, haki ya kuendelea kuitumia nyumba ambamo waliishi pamoja, na vyombo vya ndani yake. Watoto ni warithi, ndiyo, lakini haki yao haimtoi mama nyumbani. Ni moja kati ya sheria chache ambazo mama wa kwetu anaweza kuzishika mkononi mbele ya ndugu za marehemu wanaokuja kuhesabu viti kisha matanga. Lakini haki ile imekaa juu ya nyumba. Uzisha nyumba baba akiwa angali hai, halafu baba afie kwa mtoto wa tatu: mama atadai kukaa wapi? Saloni ya mkwe haimo katika Kanuni. Katiba ya mwaka 2006 nayo inasema kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Imesema kuwasaidia, neno la kuwagawana sikuliona.

Najua watakalojibu. Nyumba ya mzee inavuja. Wezi wanakuja usiku. Fakture za SNEL na za maji zinamshinda. Mama alianguka chooni na hakuna aliyesikia sauti yake. Ni kweli, na jambo la mwisho hili linaniogopesha mimi pia. Lakini katika hayo yote, kila moja linaomba mtu aende kwa mzee; hakuna hata moja linaloomba mzee auzishe. Mjukuu wa sekondari ahamie kwake, apewe chumba, asomee pale. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika kwa kambo zetu. Chumba cha nyuma kipangishwe, na makuta yake yalipe fakture. Mtoto ambaye kila mwezi anatafuta kodi ya nyumba ya kupanga, aje akae kwa baba yake. Watagombana? Watagombana bila shaka, lakini mwenye nyumba atajulikana ni nani, na chumba cha kulala cha mzee kitakuwa na mlango.

Wengine watasema: basi arudi kijijini. Kama ana kijiji anachokijua na moyo wake unakitaka, aende, na wamjengee kwanza. Lakini mtu aliyezaliwa Likasi, na baba yake akazaliwa Likasi, kwao ni wapi? Mwaka 1992 na 1993 kulikuwa watu waliolala kwenye gare ya Likasi wakingojea treni, wakiambiwa warudi Kasai, ambako wengi hawakukanyaga hata siku moja. Neno « kwao » tulitumie polepole.

Na mzee mwenyewe akitaka kuona watoto wake, atembee! Juma mbili Kolwezi, mwezi mmoja Kasumbalesa, arudi na vitenge na hadithi za kuwachekesha majirani. Hilo ni jambo zuri, na mwenye kutembea namna hiyo anapokelewa vizuri, kwa sababu wote wanajua kwamba atarudi kwake.

Kuna wale ambao nyumba yao imekwisha kuuzishwa, na makuta yamekwisha kuliwa. Siwezi kuwaambia waikomboe. Lakini chumba kimoja cha kupanga, chenye mlango wa nje, katika avenyi moja na mtoto mmoja, mikono mine haishindwi kukilipa. Mara nyingi wananiambia: « Mwalimu, feza hakuna. » Hata hivyo kila miezi mitatu kuna bisi ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, kilomita kama 300, mzee na msindikizaji wake, valizi, matela juu ya paa, halafu bisi ya kurudi, halafu ugonjwa wa safari, na hospitali. Wale watoto wanne wachukue kalamu, wajumlishe feza hizo za mwaka mzima, halafu tuongee.