Nyumba iliungua, minervali ikabaki



Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho magaribi, Nyiragongo ilitapika. Moto ukashuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano kisha, leta ikaamuru kartie 10 za Goma zihame, watu wakatawanyika Sake, Minova, Bukavu, wengine wakavuka Gisenyi. Tarehe 4 Mei 2023 maji yakabeba Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe: zaidi ya watu 400 walikufa. Misaada ilikuja, wakubwa walikuja na kamera zao. Lakini mwanafunzi aliyebaki na nguo ya mwilini tu alikuwa na deni moja lisiloungua wala kubebwa na maji: minervali.

Kwetu hatuna mkopo wa leta kama wanafunzi wa Marekani. Mkopo wetu ni mama anayeomba likelemba mbele ya zamu yake, ao baba anayeingia Banki Lambert na riba yake ya kutisha. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 yanaishia shule ya musingi. Kisha hapo ni mfuko wa mzazi. Shamba likifunikwa na mawe, huo mfuko utajazwa na nini?

Tunajua watatujibu: "Aende aongee na mukubwa wa shule, ataelewa." Hapana! Mmoja anaelewa, mwingine anamfukuza mtoto kwenye mlango wa ekzame. Na kusogeza tarehe peke yake haitoshi. Kule Marekani, mwenye mkopo wa leta akipatwa na maafa anaweza kupumzishwa kulipa, lakini mara nyingi riba inaendelea kuhesabika, anarudi anakuta deni limenona. Hiyo hatutaki kuiga.

Tunadai hivi: leta ikitangaza maafa, arete ya waziri itoke siku ile ile. Wanafunzi wa eneo lile waingie ekzame bila kuombwa risiti. Aliyepoteza nyumba ao shamba, minervali yake ya mwaka ule ifutwe, na leta yenyewe iilipe shule, juu walimu nao wanakula. Ushahidi uwe karatasi ya shefu wa kartie, tena ya bure. (Tunasema bure juu tunajua namna muhuri unavyopenda kula.)

Mliolipishwa kisha maafa ya 2021 ao 2023, mutunze risiti zenu. Tutaziambatanisha na barua yetu kwa waziri.