Masinagogi yaingia mtandaoni, lakini kamera haihesabiwi miongoni mwa kumi

JUMAMOSI ya Januari 15, 2022, watu wanne pekee, akiwemo rabi, ndio waliokuwa ndani ya sinagogi ya Congregation Beth Israel mjini Colleyville, jimbo la Texas, Marekani. Waumini wengine walikuwa majumbani mwao wakifuatilia ibada ya Sabato kupitia mtandao.

Ni hao wa mtandaoni waliosikia sauti ya mtu aliyejihami kwa bunduki akifoka. Mtu huyo alikuwa amebisha mlango asubuhi, naye rabi akamkaribisha na kumwandalia chai. Mateka walizuiliwa kwa takriban saa 11. Mmoja aliachiliwa jioni, nao watatu waliosalia wakatoroka usiku baada ya rabi kumrushia mshambuliaji kiti. Mshambuliaji aliuawa na maafisa wa usalama.

Tukio hilo liliweka peupe maswali mawili yanayowakuna vichwa viongozi wa masinagogi kote duniani. Mlango wa nyumba ya ibada uwe wazi kiasi gani? Na je, anayesali mbele ya kompyuta yumo katika mkutano au ni mtazamaji tu?

Kuhusu mlango, jibu lilitolewa kwa uchungu mjini Halle, Ujerumani, Oktoba 9, 2019. Siku hiyo ya Upatanisho, iliyo takatifu kuliko zote kwa Wayahudi, mtu mwenye silaha alishindwa kuvunja mlango wa sinagogi iliyokuwa na watu wapatao 50. Wote walinusurika, ingawa aliwaua watu wawili nje. Mlango huo wenye alama za risasi umehifadhiwa kuwa kumbukumbu.

Tangu hapo, fedha nyingi za ukarabati zimeelekezwa kwa milango, kamera za ulinzi na mafunzo. Nchini Marekani, serikali hutoa ruzuku ya usalama kwa nyumba za ibada za dini zote na mashirika yasiyo ya kibiashara. Kwa mwaka wa 2023, Bunge la nchi hiyo lilitenga dola milioni 305 kwa mpango huo.

Hata hivyo, usalama si yote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu haki za walemavu iliyasamehe mashirika ya kidini, hivyo sinagogi hailazimishwi nayo kumjengea mwenye kiti cha magurudumu njia ya kufika mahali Torati inaposomewa. Zinazofanya hivyo hufanya kwa hiari, na hapo ndipo muumini hutambua iwapo anahesabiwa au la.

Suala la mtandao ni zito zaidi. Kwa mapokeo ya Kiyahudi, sala kadhaa haziwezi kusomwa bila minyani, yaani mkutano wa watu wazima kumi. Waothodoksi huhesabu wanaume pekee. Madhehebu mengine huhesabu wanawake pia. Miongoni mwa sala hizo ni kadishi, ambayo aliyefiwa na mzazi huisoma kwa miezi 11. Kwa hivyo mfiwa hawezi kuomboleza peke yake, sharti wenzake tisa waamke na kufika.

Mnamo 2001, kamati ya sheria ya madhehebu ya Conservative nchini Marekani iliamua kuwa kumi hao sharti wawe mahali pamoja. Aliye mbali aliruhusiwa kuitikia kupitia mtandao, ila asihesabiwe. Janga la Covid-19 lilipozuka, Machi 2020, viongozi wa kamati hiyo walilegeza kamba kwa sababu ya dharura. Mwezi Mei mwaka huo, kamati ilikubali pia waraka unaoruhusu ibada za Sabato kupeperushwa kwa masharti, ikiwemo mitambo kutayarishwa kabla ya Sabato kuingia.

Waothodoksi, ambao hawawashi wala kuzima umeme siku ya Sabato, hawakukubali. Nchini Israeli, marabi 14 waliporuhusu wazee waliotengwa kuunganishwa na jamaa zao kwa Zoom usiku wa Pasaka ya 2020, marabi wakuu wa nchi hiyo waliupinga uamuzi huo.

Kwa upande mwingine, Central Synagogue ya New York, ya madhehebu huria ya Reform, imewafikia watu katika nchi zaidi ya 100 kwa matangazo yake. Mgonjwa, mkongwe na Myahudi anayeishi pweke ugenini wamepata kiti ambacho hawangekipata.

Lakini nani analipia kiti hicho? Hapa Kenya, makanisa yalipofungwa 2020, sadaka iliendelea kutumwa kwa M-Pesa hata Jumapili. Sinagogi haina njia hiyo, kwani sheria ya Kiyahudi inakataza kushika fedha siku ya Sabato. Nyingi hutegemea ada ya kila mwaka ya wanachama. Mtu akiweza kutazama ibada bure, huenda asione haja ya kulipa ada, na paa likivuja, mtazamaji wa mbali hatalowa.

Swali hili linagusa kanda hii pia. Jijini Nairobi, jumuiya ya Kiyahudi yenye umri wa zaidi ya miaka 100 ni ndogo, na katika jumuiya ndogo kila anayebaki nyumbani hupunguza hesabu ya kumi. Karibu na Mbale, Uganda, Wayahudi wa Abayudaya walifungua sinagogi ya Stern mwaka 2016 kwa michango iliyotoka ng'ambo. Wafadhili walikuwa mbali, ila wanaosali ndani ni wenyeji.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtandao unafaa uwe daraja la asiyeweza kufika, wala si kisingizio cha anayeweza. Sinagogi inayotaka kupima iwapo kamera na milango yake mipya imeleta faida isihesabu watazamaji. Ihesabu ni asubuhi ngapi mfiwa ameingia na kuwakuta wenzake tisa wakimsubiri.