Ligi Haiagizwi Ng'ambo

Wapo watu katika dunia hii wanaodhani kuwa kila kitu chaweza kuagizwa. Wakitaka jembe huagiza jembe, wakitaka saa huagiza saa, na wakitaka mchezo huagiza mchezo, pamoja na jezi zake, waamuzi wake na hata washangiliaji wake. Nia yangu katika insha hii ni kukuonyesha wewe, msomaji kijana, kuwa dhana hiyo ni potofu. Upotofu huo umekwisha kula fedha nyingi huko Ulaya, na hapa kwetu waweza kula kitu kilicho ghali kuliko fedha, nacho ni matumaini ya vijana.

Mfano nitakaoushika ni mpira wa Kimarekani. Mchezo huu si kandanda uijuayo. Mpira wake umechongoka ncha mbili, nao hushikwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, wamevaa kofia ngumu na kinga za mabega. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ili usogee mbele yadi 10. Ukishindwa, wapinzani huuchukua. Ni mchezo wa nguvu, lakini pia ni mchezo wa akili na mpango, na yeyote anayeudharau kabla ya kuuelewa anajidharau mwenyewe.

Wakuu wa mchezo huo, yaani shirika la NFL lenye makao yake New York, walitamani kuusimika ng'ambo. Mwaka 1991 walianzisha ligi ya timu 10: sita za Marekani, moja ya Kanada, na tatu za Ulaya, nazo zilikuwa London, Barcelona na Frankfurt. Fainali ya kwanza ilichezwa Wembley mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000, na London Monarchs wakawashinda Barcelona Dragons kwa pointi 21 kwa 0. Aliyekuwapo siku hiyo angeapa kuwa mchezo umekwisha kuota mizizi Uingereza. Kumbe ulikuwa ua lililokatwa na kutiwa katika chombo cha maji: lapendeza leo, kesho lanyauka. Baada ya msimu wa 1992 ligi ilisimamishwa. Mwaka 1995 ilifufuliwa ikiwa na timu sita, zote za Ulaya. Barcelona ilitoka baada ya msimu wa 2003, na timu ya Scotland baada ya msimu wa 2004. Mwezi wa Juni 2007 ligi yote ikafungwa. Habari za wakati ule zilieleza kuwa hasara yake ilikaribia dola milioni 30 kwa mwaka.

Je, sababu ilikuwa nini? Jibu jepesi, ambalo wengi hulipenda, ni kwamba watu wa Ulaya hawakuutaka mchezo wa kigeni. Jibu hilo silikubali. Watu 60,000 hawaingii uwanjani kutazama kitu wasichokitaka. Sababu yenyewe ni kwamba ligi ile haikuwa mali ya wenyeji. Wachezaji wake wengi waliazimwa na timu za Marekani. Walikuja kwa miezi michache, wakafundishwa, wakapimwa, kisha wakarudi kwao. Mchukue Kurt Warner. Mwaka 1998 alichezea Amsterdam Admirals. Mnamo Januari 2000 aliiongoza timu ya St. Louis Rams kutwaa ubingwa wa Marekani. Kwa Warner huo ulikuwa ushindi mtukufu. Lakini kwa kijana wa Amsterdam aliyekuwa akimshangilia, ulikuwa na maana gani? Ligi ambayo kila mwana wake mwema huvunwa na kupelekwa mbali si ligi. Ni kitalu cha miche ya shamba la mtu mwingine.

Itazame tena ile timu ya London. Mwaka 1991 ilikuwa bingwa. Baadaye ilihama kutoka uwanja hadi uwanja, na mwaka 1998 ikabadilishwa jina ikaitwa England Monarchs, ikawa inacheza London, Birmingham na Bristol kwa zamu. Waliodhani kwamba kwa njia hiyo timu itakuwa ya Waingereza wote waliifanya isiwe ya mtu yeyote. Msimu huo ulipokwisha, na timu ilikwisha. Sasa ilinganishe na Ujerumani. Huko Frankfurt palikuwa na klabu ya mchezo huu tangu mwaka 1977, na ligi ya Wajerumani wenyewe ilianza mwaka 1979, miaka 12 kabla ya wakubwa wa New York kufika na fedha zao. Haikuwa bahati, basi, kwamba ligi ya Ulaya ilipofungwa mwaka 2007 timu tano kati ya sita zilizosalia zilikuwa za Ujerumani. Wala si ajabu kwamba vilabu vya Wajerumani viliendelea kucheza baada ya wageni kuondoka, na kwamba mwaka 2022, NFL ilipopeleka mechi yake ya kwanza ya msimu Munich, ilikuta watu wanaoujua mchezo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tusiitazame Ulaya peke yake, maana mafunzo yako nyumbani. Kandanda nayo ililetwa na wageni. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, lilipewa jina la mtengenezaji wa sabuni wa Uingereza. Lakini leo nani huiita kandanda mchezo wa kigeni? Watu waliichukua wakaifanya yao. Ilichezwa shuleni, misheni, katika mitaa ya wafanyakazi wa reli, na kwa mpira wa matambara pale mpira wa ngozi ulipokosekana. Gor Mahia ilipoundwa mwaka 1968 haikuagizwa kutoka popote. Ilizaliwa na watu waliokwisha kuupenda mchezo. Ndiyo maana mwaka 1987 iliweza kutwaa Kombe la Washindi la Afrika.

Raga nayo ilikaa miaka mingi katika vilabu vya walowezi. Mwaka 1977 Waafrika waliunda klabu yao ya Mwamba jijini Nairobi, na shule nyingi zikaendelea kulea wachezaji. Kazi hiyo ilichukua miongo. Mwezi wa Aprili 2016 Kenya iliishinda Fiji pointi 30 kwa 7 na kutwaa kombe la Singapore la raga ya wachezaji saba. Waliosema kuwa ushindi ule ulikuwa wa ghafla hawakuwa wameihesabu miaka iliyoutangulia.

Kriketi ikufundishe upande wa pili. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, jambo lililoshangaza mataifa. Lakini chini ya sifa ile msingi ulikuwa mwembamba: vilabu vichache vya mijini, na shule chache zilizoufundisha mchezo. Msingi haukupanuliwa wakati wa neema, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Tazama basi: hata ushindi, ukikosa mizizi, haudumu.

Sasa twende Remba. Kisiwa hiki kidogo kimo katika Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay, nacho ni jabali lililojaa nyumba za mabati zilizobanana. Wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania hukutana huko kutafuta mbuta na omena. Nimekichagua kisiwa hiki kwa makusudi, kwa kuwa ni kipimo kikali. Anayesema kuwa atausimika mchezo wake Afrika Mashariki na aniambie atausimikaje Remba. Uwanja kamili wa mpira wa Kimarekani una urefu wa mita 110 hivi na upana wa mita 49. Atautandaza wapi juu ya mawe yale? Kofia na kinga za timu moja tu zitahitaji mashua yake, na fedha ambazo mvuvi angezitia katika nyavu na injini.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Omena huvuliwa usiku kwa taa, katika siku ambazo mwezi umefifia. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa hazivuti samaki vizuri, na wavuvi hupumzika. Zaidi ya hayo, kila mwaka kuna miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena upande wa Kenya, na watu huhamahama kufuata riziki. Mtu wa ofisini New York, au hata Nairobi, atapanga mechi kila Jumamosi alasiri kama ilivyoandikwa katika kitabu chake. Timu moja itakuja na wachezaji watano, nyingine haitakuja kabisa, naye ataandika katika ripoti yake kuwa watu wa ziwani hawana nidhamu wala mapenzi ya michezo. Lakini mwenyeji angepanga mechi zake kufuata mwezi wa angani, na wachezaji wangefika wote. Huo ndio moyo wa hoja yangu. Ligi ni mapatano kati ya mchezo na maisha ya watu. Mapatano hayo hayawezi kuandikwa na asiyeyajua maisha yenyewe.

Nawasikia wapinzani wangu, nao ni wa aina mbili. Wa kwanza husema: "Bila fedha za wageni hapana kitu kitakachofanyika." Nakubali kuwa mkono mtupu haulambwi. Sikatai fedha, nakataa mpango wa kuziweka mahali pasipofaa. Mwaka 2023 NFL ilifanya kambi Nairobi kutafuta vijana wenye vipaji, na kambi kama hiyo ilikwisha kufanywa Ghana mwaka 2022. Kumtafuta kijana hodari si dhambi. Daniel Adongo, aliyekuzwa na raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza katika ligi ile. Nasi tulikuwa na haki ya kujivunia. Lakini kuchagua wachache walio warefu na wenye mbio, kisha kuliita jambo hilo kuanzisha mchezo, ni kuyapindua maneno. Mvuvi akivua samaki ziwani hasemi kuwa amefuga samaki. Na nani atawakumbuka wale mamia waliopimwa, wakaambiwa wangoje, wakarudi nyumbani bila klabu, bila mwalimu, na bila mechi ya wiki ijayo? Fedha ile ile ingewafunza walimu wa shule na waamuzi wa vijijini, na hao wangebaki.

Wapinzani wa pili husema: "Mwacha asili ni mtumwa, tuukatae mchezo wa kigeni." Hawa nao wamekosea. Ngalawa, kanzu, mahindi na kandanda vyote vilikuwa vigeni kwa mtu fulani siku fulani. Kitu huwa chako unapokitawala: unapokipa sheria zinazokufaa, unapokifundisha mwenyewe, na unapoweza kukiendeleza aliyekileta akiisha kuondoka. Upo mtindo mwepesi wa mpira wa Kimarekani, wachezaji watano kwa watano, usio na kuangushana. Badala ya kumwangusha mwenye mpira, mpinzani hunyakua kitambaa kilichofungwa kiunoni mwake. Mtindo huo hauhitaji kofia ngumu wala kinga, na uwanja wake ni kama mita 64 kwa 23. Mwaka 2023 ulikubaliwa kuingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028. Wasichana huucheza sawa na wavulana. Ikiwa mchezo huu utapata nafasi kandokando ya ziwa letu, mlango wake ni huo, nao ni mlango wa shule, hauna haja ya tarumbeta za uwanja mkubwa.

Basi nikuulize, msomaji, utafanya nini siku watakapofika shuleni kwenu watu wenye jezi mpya na picha za kupendeza? Usiwafukuze, wala usiwashangilie upesi. Wakaribishe kwa heshima, kisha waulize maswali manne. Mwalimu wa mchezo huu atakuwa nani ninyi mkiisha kuondoka? Mechi zitachezwa lini, na nani aliyeulizwa juu ya kalenda hiyo? Vifaa vikichakaa, vitatengenezwa wapi? Na kijana asiyechaguliwa kwenda ng'ambo, atacheza wapi mwaka ujao? Wakiyajibu vema, shikeni mpira mcheze. Wakibabaika, wapeni maji ya kunywa, muwasindikize pwani kwa adabu, nanyi mrudi katika uwanja wenu.

Wala usingoje wageni ndipo uanze. Timu mbili za darasa, refa mmoja mwenye haki, daftari la kuandikia matokeo, na ahadi ya kukutana tena wiki ijayo: hiyo ni ligi tayari. Ni ndogo, lakini ina kitu ambacho London Monarchs hawakuwa nacho mwaka 1998 pamoja na jezi zao zote. Ina kwao.