Riziki Imedhaminiwa, Mbona Samaki Wamepungua?

Kijana mmoja katika wasomaji wetu, mwana wa mvuvi, ametuletea swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Asema: “Tumefundishwa chuoni ya kwamba riziki ya kila kiumbe, mkubwa na mdogo, imo katika dhamana ya Mwenyezi Mungu. Basi mbona baba yangu akenda baharini siku hizi hurudi na kitoweo tu, na babu yangu alikuwa akirudi na samaki wa kuuza? Je, riziki imepunguzwa?”

Swali hili ni zuri, na aliyeuliza hakukosa adabu. Kwani kuuliza ili upate kujua ni katika ibada. Jawabu yake kwa ufupi ni hii: dhamana ya Mola haikuvunjika, lakini riziki huja kwa njia zake, na mwenye kuiziba njia asimlaumu Mwenye kuruzuku. Ama jawabu kwa urefu, twataka kuitafuta mahali ambapo watu wa pwani hupita kila siku wala wasipatazame, napo ni mikokoni.

Na tuanze na jani. Kila chenye uhai kina haja ya nguvu: kaa ili achimbe shimo lake, samaki ili aogelee, na mtoto ili acheze na kusoma. Takriban nguvu zote hizi asili yake ni jua. Lakini hakuna mnyama awezaye kula mwangaza wa jua. Kazi hiyo Mola ameipa mimea. Ile rangi ya kijani iliyomo katika jani huunasa mwangaza; mizizi huleta maji; na kwa matundu madogo mno jani hupokea hewa ya kaboni. Kwa vitu hivyo vitatu mmea hufanya sukari, kisha hutoa oksijeni ambayo sisi twaivuta. Sukari hiyo ni nguvu ya jua iliyowekwa akiba, na kila mlaji duniani hula katika akiba hiyo, ama kwa mkono wake mwenyewe ama kwa mkono wa mwingine.

Miti ya mikokoni huifanya kazi hii penye shida: miguu katika tope na maji ya chumvi. Kila mti umepewa hila yake. Mkoko huizuia chumvi nyingi kwenye mizizi isipande. Mchu huiacha kiasi ipande, kisha huitoa kwa majani, hata ukililamba jani lake utaionja. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama yake, ikaanguka imekwisha kuwa mche. Subhanallah!

Sasa tulifuate jani moja likianguka. Jani la mkoko ni gumu na chungu, na walaji wake ni wachache. Lau lingeachwa, maji yakijaa yangelichukua likaenda zake. Lakini yuko kaa anayelingoja. Hulikamata kwa magando, akalivuta mpaka shimoni mwake. Huko ndani kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kazi yao. Jani likalainika, ukali wake ukapungua. Kaa hula sehemu yake, na vinavyobaki, vipande na kinyesi, huwa chakula cha minyoo, uduvi na kamba. Hao nao huliwa na samaki wadogo, na samaki wadogo huliwa na wakubwa. Kisha huja kulasitara, na mdiria, na mvuvi na mshipi wake. Wote hao wakifa hurudi topeni, na tope hulisha mizizi. Hakuna kinachotupwa.

Hapa iko hesabu ambayo twapenda kila kijana aishike. Kila mlaji hutumia sehemu kubwa ya nguvu alizozila kwa kwenda, kupumua na kutafuta. Kwa kukadiria, katika kila sehemu kumi ni kama moja tu inayopita kwa yule atakayemla. Basi kilo 1,000 za majani huenda zikawa kilo 100 za wale walao majani, hizo zikawa kilo 10 za samaki wadogo, na hizo zikawa kilo 1 ya samaki mkubwa. Hii si mizani ya dukani, lakini maana yake ni ya kweli: ile kilo moja iliyomo chunguni mwetu imesimama juu ya mlima wa majani. Wala hatusemi ya kwamba samaki wote hulishwa na mikoko. Wako walishwao na nyasi za baharini, na wengine na mimea midogo ielayo majini. Lakini hata katika hao wamo ambao, wakiwa wadogo, hujificha baina ya mizizi ya mikoko wasiliwe. Kamba wengi huzaliwa bahari kuu, wakaja kukulia vijitoni mwa mikoko, kisha wakarudi.

Na je, walaji wote hawa hukaaje mahali pamoja wasimalizane? Qurani, katika Sura ya An-aam, yatufundisha ya kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Na umma hauishi bila ya taratibu. Mikokoni wengine wamegawana mahali: mlilana hukaa karibu na bahari, mkoko nyuma yake penye tope laini, na mkandaa hukaa upande wa bara. Wengine wamegawana saa: maji yakijaa samaki huingia kula, na yakipwa samaki hutoka, wakaja ndege na kaa. Yuko konokono ambaye hupanda mtini kabla maji hayajafika, akateremka yakiisha kwenda ili apate kula topeni. Kaa mmoja mdogo, aliyechunguzwa sana katika pwani ya Kenya, hupanda hadi kwenye majani mabichi mara mbili kwa siku, kisha akarudi mizizini. Na wengine wamegawana kwa umri: konokono mkubwa wa matopeni hula majani yaliyoanguka, na watoto wake hula uchafu laini wa tope. Mzazi na mtoto wamo katika nyumba moja, wala hawagombei sahani.

Katika umma wote huu mmoja tu ndiye avukaye mpaka wake, naye ni sisi wanadamu. Hatusemi ya kwamba kukata mkoko ni haramu. Babu zetu walikata. Kwa karne nyingi majahazi yalichukua boriti kutoka Lamu na Rufiji kwenda Arabuni na Ghuba, na vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja upana wake umefuata urefu wa boriti. Lakini kukata kulizidi, hata Kenya ikapiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje mwaka 1982. Wako mpaka leo wanaokata wasibakishe, kwa kuni, kwa mkaa, na kwa tanuri za chokaa, na ukiwauliza, husema: “Hii ni miti ya Mungu, haina mwenyewe.” Maneno hayo nusu yake ni kweli. Ni miti ya Mungu. Na kwa kuwa ni yake, wenyewe ni wote aliowaandalia riziki humo: kaa, kamba, ndege, na mayatima wa wavuvi. Mwenye kung’oa mti hakuchukua kuni tu. Amekunja jamvi la karamu hali wageni hawajala.

Tazameni yaliyotokea Gazi, kusini ya Mombasa. Huko mikoko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki tupu miaka na miaka. Kuanzia mwaka 1991 wataalamu pamoja na wanakijiji walianza kupanda. Baadaye sehemu zilizopandwa zilipochunguzwa, kaa na viumbe wengine wa matopeni walionekana wamerejea, na sehemu zilizoachwa tupu zilikuwa nyuma sana. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko katika mpango uitwao Mikoko Pamoja, na fedha wazipatazo kwa utunzaji huo zimesaidia maji na shule. Waliirudisha njia, na riziki ikarudi kwa njia yake.

Basi, ewe mwana wa mvuvi, riziki haikupunguzwa na Mwenye kuitoa. Huenda yako mengine pia yaliyompunguzia baba yako: wavuvi wamezidi, na ziko nyavu za macho madogo zinazovua watoto wa samaki kabla hawajawa samaki. Yote hayo ni matendo ya mikono yetu, na yaliyoharibiwa kwa mikono yaweza kutengenezwa kwa mikono. Mwambie baba yako kwa adabu asiutege mdomo wa kijito kwa wavu wa namna hiyo. Mwenye haja ya boriti na akate kwa ruhusa na kwa kuchagua, aache miti mama. Akina mama watoe sauti nyumbani taka na mifuko ya plastiki isitupwe mikokoni. Na ninyi vijana, baada ya bamvua okoteni miche ya mkoko iliyosukumwa pwani, mkaipande pale palipo tupu. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha ya kwamba Muislamu akipanda mti, kila kitakachoula mti huo, mtu, ndege au mnyama, humwandikia yeye sadaka. Hesabuni wenyewe walaji wa mkoko mmoja, mjue ukubwa wa sadaka hiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wageni wenye adabu katika karamu yake, wala si wageni wavunjao vyombo. Amin.