Tunahesabu miche, nani anauliza ni miche gani?

Novemba 13, 2023 serikali ilitupa siku ya mapumziko tukapande miti. Mei 10, 2024 ikatupa nyingine, safari hii tukiwakumbuka waliokufa kwenye mafuriko. Lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Mtaani kwetu wengi walilala hadi saa nne, lakini mimi nilitoka nikanunua mche kando ya barabara. Ulikuwa mukima. Nilipouliza kwa nini huo, jamaa akanijibu: "Huu unashika haraka, boss."

Hapo ndipo shida ilipo. Tunahesabu miche, hatuulizi ni ya nini.

Sina noma na mukima. Ni mti wa mbao, kuni na kivuli, ila asili yake ni Australia. Jacaranda zinazopamba Nairobi kila Oktoba zilitoka Amerika Kusini. Nyuki hufuata maua yake, sawa. Lakini viwavi huchagua chakula kama mtoto wa chekechea, na wengi wa hapa hawajazoea majani ya mti wa mbali. Bila viwavi hakuna vipepeo, na ndege wengi hulisha makinda yao viwavi hao hao. Kwa hivyo mtaa unaweza kuwa kijani kibichi na bado uwe na njaa.

Sasa linganisha na mugumo. Karibu kila aina ya mugumo ina nyigu wake mdogo wa kuuchavusha, na matunda yake huliwa na ndege, popo na nyani. Novemba 2020, Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, watu walipiga kelele hadi mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ukaokolewa kwa amri ya rais. Tulishangilia, na ilifaa. Lakini miti mingine mingi ya barabara hiyo iliangushwa.

Najua utaniambia: buda, mimi nimepanga keja, udongo niutoe wapi? Hata mimi. Niliacha chuo karo iliponishinda, nikahamia ghorofa ya nne kwenye ploti ambayo uwanja wake wote ni simiti. Nilicho nacho ni baraza ya hatua mbili na mikebe ya rangi niliyotoboa chini.

Nilianza na saga, ile mboga ambayo wengine huiita mgagani. Ni ya Afrika hii hii. Nachuma majani ya kula na ugali, kisha naacha mashina mawili matatu yatoe maua. Nyuki huja mchana, nondo usiku. Kando yake nina kivumbasi, kinachonukia ukikigusa. Mkebe wa tatu una mshubiri wa kienyeji. Huo nunua kwenye kitalu, usiende kuung'oa porini.

Keateka alilalamika kwamba naleta wadudu. Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mshubiri ulipochanua, asubuhi moja akaja chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda. Alikunywa, akaenda. Siku iliyofuata akarudi na mwenzake. Keateka sasa hunikumbusha kumwagilia.

Mikebe yangu mitatu haitaokoa Nairobi. Uamuzi mkubwa uko kwa wanaonunua miche kwa maelfu: kaunti, shule, kampuni zinazopenda kupigwa picha zikipanda. Muuzaji wa barabarani huleta kile kinachouzika. Tukianza kuulizia muringa, mugumo na Nandi flame, ataleta.

Kwa hivyo siku nyingine kiongozi akijisifu kwamba amepanda miche elfu kumi, mwulize maswali mawili: ni ya aina gani, na nani atakula hapo? Hata wewe, kabla ya kutoa hamsini yako kando ya barabara, jiulize hayo hayo. Mimi nilichelewa kujiuliza.