Mnaopenda Kuitwa "Baba Bora", Mcheki Kozi wa Berkeley

Kuna mastaa wa mjini (majina kapuni) mke akijifungua tu, wanapiga picha moja wamembeba mtoto, kanga begani, na maneno chini yake marefu kama barua ya kuomba kazi. Mashabiki wanamwaga makopa. Kesho yake usiku baba wa watu yupo kiwanja, mama kabaki na kichanga na usingizi wa kuokoteza.

Sasa hamia Berkeley, California, kule Marekani. Juu ya mnara wa saa wa chuo kikuu, mnara wenye urefu wa zaidi ya mita 90, wanaishi kozi. Siyo kozi za chuo jamani! Ni yule ndege mwindaji anayeshuka kwa kasi inayopita kilomita 300 kwa saa. Kuna kamera pale, kila mwenye bando anachungulia.

Mayai yanalaliwa kama siku 33. Jike ndiye anakaa zaidi, na usiku karibu wote ni wake. Dume anawinda, analeta njiwa, jike akitoka kwenda kula dume anaingia zamu. Shida ni kwamba dume ni mdogo, jike kamzidi kwa karibu theluthi, kwa hiyo mayai hayamtoshi vizuri kifuani. Anajisogeza, anatikisika huku na huku, anayavuta kwa mdomo. Na akiyakaribia anakunja makucha asije akatoboa, makucha yale yale anayoulia.

Mtu atasema hiyo siyo nusu kwa nusu. Kweli siyo. Ila dume asipotokea, jike ana mawili tu: ashinde njaa au ayaache mayai yapoe. Hapo hamna cha "namsaidia mke wangu", zamu yake ikifika anakaa.

Halafu kuna ile ya 2022. Mwisho wa Machi dume wa pale, Grinnell, alikutwa amekufa mjini, inaaminika aligongwa na gari. Jike wake, Annie, ana mayai. Watu wakaanza kulia kwenye simu zao wakijua ndo basi tena. Mara akatua dume mwingine, baadaye akapewa jina la Alden. Akaleta chakula, akaingia kwenye kiota, akalalia mayai ya marehemu. Mei vikatoka vifaranga viwili, akavilisha.

Huku kwetu mwanaume akilea mtoto asiye wake anaitwa bwege, tena na washkaji zake mwenyewe. Aliyetia mimba akaingia mitini, akirudi na keki miaka sita baadaye anaambiwa "damu nzito kuliko maji". Haya wadau, Siku ya Baba wale vifaranga wangempigia nani simu?