FUNDISHO LA TOZO



Kila mwaka, mwezi wa Juni ukifika, Bunge hukaa Dodoma kujadili mapato na matumizi ya Serikali, na pamoja nayo muswada wa Sheria ya Fedha. Wengi wetu hapa Ifakara huzisikia habari hizo redioni, mikono ikiwa katika kazi nyingine, wala hatuzitii maanani mpaka siku ile shilingi inapopungua. Kwa hiyo twaona yafaa kukumbusha habari za Sheria ya Fedha ya mwaka 2021. Si kwa kuchochea ugomvi uliokwisha poa, bali kwa kuwa limo ndani yake fundisho ambalo haifai kulisahau.

Sheria ile ilikusanya mambo mengi. Ilipunguza kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 9 hadi 8, nasi tulishukuru. Iliiweka kodi ya majengo katika ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hata mpangaji akajiona analipa kodi ya mwenye nyumba. Tena iliweka tozo juu ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, tangu shilingi 10 hata shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kadiri ya kiasi. Tozo hiyo ilianza tarehe 15 Julai 2021.

Basi na tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Punguzo lile la kodi ya mshahara lilimfaa mtumishi kwa shilingi 2,500 kwa mwezi, wala halikuzidi hapo. Mtumishi huyo huyo akimpelekea mama yake fedha ya matumizi kule Mlimba, akamlipia mdogo wake mahitaji ya shule, akatoa na mchango wa msiba Malinyi, aliweza kuimaliza 2,500 yake kabla mwezi haujafika katikati. Kilichoingia mlangoni kilitokea dirishani.

Hata hivyo haki yataka tuseme na upande wa pili. Serikali ilieleza ya kuwa fedha hiyo ingejenga vituo vya afya katika tarafa zisizokuwa navyo, na kumalizia madarasa yaliyosimama bila paa. Sisi tukaao bonde hili hatuwezi kuidharau hoja hiyo. Twakumbuka jinsi kivuko kilivyopinduka katika mto Kilombero mwezi wa Januari 2016, na twajua tofauti aliyoipata msafiri wa Mahenge tangu daraja lilipofunguliwa mwezi wa Mei 2018. Daraja halishuki kutoka mbinguni. Mtu anayetaka daraja, dawa na mwalimu, naye hataki kulipa kodi, ni kama mtu atakaye wali bila ya kulima mpunga.

Lakini swali halikuwa kama kodi ilipwe au isilipwe. Swali lilikuwa itozwe juu ya kitu gani. Mshahara wa mtumishi huwa umekwisha katwa kodi kabla haujamfikia. Tozo ikaukata tena alipogawana na wazee wake. Haikugusa faida yake, bali iligusa wema wake. Na mzee aliyepokea kijijini, asiye na wakala ila mwendo wa saa nzima, akakatwa tena alipoitoa. Si ajabu kwamba watu wengine walirudia desturi ya zamani ya kumpa dereva wa basi bahasha, na kumwomba Mungu ifike.

Watu wakanung'unika nchi nzima, na Serikali, twakiri kwa heshima, ilisikia. Mwezi wa Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kilishushwa hata shilingi 4,000, lakini tozo yenyewe ikapelekwa mpaka kwenye mabenki, ambamo ndimo mishahara yetu inamopita. Tukumbuke kwamba mwezi wa Mei mwaka huo huo ndipo tulipotangaziwa nyongeza ya asilimia 23.3 katika kima cha chini. Malalamiko yakarudi, na Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, akatangaza bungeni mwezi wa Septemba 2022 kuondolewa kwa baadhi ya tozo za benki. Mwezi wa Julai 2023 tozo ya kutuma fedha kwa simu ikafutwa. Lakini mwaka ule ule shilingi 100 ziliongezwa katika kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 1,000 katika kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Mzigo haukutuliwa, ulihamishwa bega. Mkulima wa mpunga aliyeshangilia kwa wakala aliulipa alipokodi gari la kupeleka magunia sokoni.

Fundisho ni hili. Mjadala ulikuja baada ya sheria, nao ulipasa kuja kabla. Muswada huchapishwa, na kamati ya Bunge hukaribisha maoni ya wananchi. Siku zile sisi tulikuwa wapi? Tunaojua kusoma waraka mrefu, tena tunaoulizwa dirishani na watu wasiojua, tulinyamaza mpaka simu zilipotuletea hesabu.

Mtumishi wa Serikali hakatazwi kusoma, wala kutoa shauri lake kwa adabu na kwa njia iliyowekwa. Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo mawili. Kwanza, muswada ukitoka, wachache wetu waketi pamoja, waufanyie hesabu kama hii ya shilingi 2,500, na maoni yapelekwe kwa wakati wake. Pili, sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tuhakikishe mapato na matumizi yanabandikwa penye ubao, kwa maandishi ambayo mkulima ataweza kuyasoma. Zamani mlipa kodi alipewa stakabadhi, akaihifadhi sandukuni miaka mingi. Wa leo naye astahili kuona shilingi yake ilikokwenda.

Anayelipa na kuona hulipa kwa moyo. Anayelipa gizani hulipa huku akitafuta njia ya kukwepa.